Mashua Iliyozibwa Kama Ndiva

Mashua ilifika Maore juu ya Canter, imefunikwa turubai, nami nilikuwa shambani napalilia mpunga, matope mpaka magotini. Mume wangu akateremka kutoka mbele alikokaa na dereva, mzee mzima aliyestaafu, anacheka peke yake. Nikamuuliza ni nini hicho. Akasema ni mashua.

"Kwamba ni mashua naona, macho ninayo," nikamwambia. "Nauliza ni nini hicho kwetu sisi."

Maana sisi ni Wapare, watu wa milimani. Nyumba yetu iko juu kule Gonja, kwenye migomba na kahawa, ambako maji pekee yanayoweza kumzamisha mtu ni ya kwenye pipa. Huku bondeni tuna shamba la mpunga na kibanda cha kulala msimu wa kilimo, basi. Hakuna mtu katika ukoo wangu wala wake aliyewahi kupanda chombo cha majini, seuze kukimiliki. Lakini yeye alikuwa karani bandarini Tanga kwa miaka thelathini, kazi yake kuhesabu magunia, na kila akiinua kichwa anaona vyombo vya watu vinapita. Aliviangalia kwa muda mrefu mpaka akadhani kuangalia ni kujua.

Hiyo ilikuwa sababu ya mdomoni. Sababu ya moyoni alinieleza siku ileile, tukiwa tumekaa kwenye mkeka tunakula makande. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimweleza kwamba maji ya ndani ya jicho hayatoki inavyotakiwa, yanajaa, yanabana, na kuona kunapungua kuanzia pembeni kuja katikati. Kuna dawa ya matone, lakini kwake ilikuwa imechelewa, ingesaidia kusogeza siku tu. Utotoni alichunga mbuzi juu ya mlima wetu, na kutoka malishoni alikuwa akiliona bwawa la Kalimawe chini, linang'aa. Kila siku alijiuliza: mtu akiwa pale katikati ya maji, akitazama huku, anaona nini? Alitaka kwenda kuona. Mara moja tu, usukani ameshika mwenyewe, kabla macho hayajafunga duka.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kulia. Mwisho nilimwongezea makande.

Mashua yenyewe ilikuwa ndogo, ya mbao, yenye mlingoti mmoja na tanga moja lenye viraka vingi kuliko kitambaa. Aliyemuuzia alimwambia inavuja kidogo. Jamani, "kidogo" ya mtu anayeuza chombo! Tuliipakia kwenye tela la trekta, tukaipeleka bwawani, tukaishusha, na kabla hatujapandisha tanga ndala zangu zilikuwa zinaelea. Tukarudi ufukweni tumeishika pande zote mbili kama walevi wanaosaidiana.

Ufukweni alikuwepo mvuvi mmoja, Mwislamu wa Kihurio, mwenye kofia ya kufuma na kicheko kibaya sana. Akatuuliza kama tumekuja kuvua au kuoga. Halafu, nisimsingizie, akasema kwa upole, "Mzee wangu, iacheni hapa nikuonyesheni inavyozibwa." Mume wangu akaivuta suruali yake iliyolowa akamjibu kwamba sisi mambo ya kuziba maji tunayajua tangu kwa babu zetu. Nami nikaitikia kwa kichwa, maana hilo lilikuwa kweli tupu. Tukairudisha mashua Maore kwa tela lilelile.

Asiye wa kwetu nimweleze. Ndiva ni bwawa dogo la udongo ambalo wazee walichimba mlimani. Maji ya kijito yanalala humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva ikivuja, shamba la mtu linakauka, na Mpare ambaye shamba lake limekauka ni mtu wa kuogopwa. Kwa hiyo kila mtoto anakua akijua kuziba. Unaijaza, unazunguka nje kutafuta palipolowa, kisha unaitoa maji, unaingia ndani na kushindilia udongo wa kichuguu uliochanganywa na magome ya migomba. Na hufanyi peke yako. Unaitishwa msaragambo, kazi ya watu wote, na asiyetokea anasemwa mpaka mvua nyingine.

Msimamizi wa ndiva yetu ni mjomba wa mume wangu. Tukampelekea shauri. Akashuka Maore kwa bodaboda, amevaa koti la kanisani, akaizunguka mashua mara tatu, mikono nyuma. Akaigonga kwa fimbo. Akainama akanusa. Kisha akatangaza, "Hii ni ndiva ya mbao."

Sote tukaona ni neno la hekima. Mimi pia, sikatai.

Jumanne wakaja watu kama ishirini na ndoo zao. Mashua tukaiinua juu ya mawe, tukaijaza maji mpaka pomoni. Mimi kwa kuwa ni mwembamba nikatumwa chini yake na kipande cha mkaa, nilale chali kwenye majani na kuweka alama kila panapodondoka. Na katika kutafuta, nawaambia, tulikuwa hodari. Hakuna tundu lililojificha. Jingine lilinitemea puani, jingine shingoni, jingine lilisubiri nifungue mdomo nilalamike. Nilihesabu kumi na manne. Mume wangu naye akajipenyeza chini kuja kukagua, akasogeza uso mpaka pua inagusa mbao, akaniambia nichore alama kubwa zaidi. Nikamchorea misalaba minene kama ya makaburini, nikamwuliza kama na hiyo nayo haimtoshi.

Tukaitoa maji. Watu wakaingia ndani na udongo na magome, wakashindilia kwa visigino huku wanaimba. Tukaiacha siku mbili ikauke. Siku ya tatu tukaijaza tena, na mzee msimamizi akapitisha kiganja chini ya mashua kuanzia mbele mpaka nyuma, polepole. Akainua mkono.

"Kavu!"

Vigelegele hivyo hata harusini kwangu sikuvipata. Tulikula makande sufuria mbili. Mume wangu alicheka na kila mtu, na mimi nikajivuna kwa kila ndoo niliyobeba.

Tulikwenda bwawani kwa msafara, trekta mbele, bodaboda nyuma. Mvuvi wa Kihurio akaitazama mashua ndani, akaona udongo, akafungua mdomo kusema, kisha akaufunga. Nadhani aliona ni dhambi kujinyima burudani. Mume wangu akakaa nyuma kwenye usukani, mimi katikati nimeshika bakuli la kutekea maji, kwa usalama tu. Tanga likashika upepo. Hatua ishirini, arobaini, sitini. Watu ufukweni wanapunga mikono. Ndipo nikaona tonge la udongo linanyanyuka toka sakafuni lenyewe, taratibu, bila kuguswa na mtu, na chini yake maji yanachemka. Kabla sijasema kitu likanyanyuka la pili. La tatu nikalikandamiza kwa kisigino, likatokea la nne. Kumi na manne yote, moja moja, kwa zamu kama yamepangwa.

"Yesu wangu, tunakufa!" nilipiga kelele. Nilirusha bakuli. Nilimwita mama yangu, ambaye amefariki. Wanasema mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitapatapa kwa bidii zote, mpaka mvuvi akapaza sauti kutoka ufukweni, "Mama, simama! Simama kwa miguu!" Nikasimama. Maji yalinifika kifuani. Mume wangu alikuwa amesimama pia, bado ameshika usukani, na mashua iko chini yake imelala kwenye tope.

Watu husema Wapare tunapenda kesi. Ni uongo, tunapenda haki. Kesho yake mzee msimamizi akaita kikao kujua nani mkosaji: udongo, mashua au bwawa. Tulikaa kuanzia saa tatu mpaka jua la utosi. Mmoja alisema udongo haukukandwa vya kutosha. Mwingine akasema kichuguu kile kilikuwa cha mchwa wekundu. Msimamizi mwenyewe akatoa ushahidi kwamba ndiva ilizibwa vizuri, watu wote waliona kavu, kwa hiyo kosa ni la maji ya Kalimawe, ambayo yana magadi na hayana adabu.

Mimi hasira zilikuwa zimenijaa tangu jana. Nikaingia kibandani nikatoka na jagi la plastiki lenye tundu, nililokuwa nimelitupa. Nikaliziba kwa tonge la udongo kwa ndani, nikamimina maji. Halikuvuja. "Mnaona?" akasema mzee. Nikamwaga maji, nikalichukua lilelile jagi, nikalididimiza kwenye ndoo iliyojaa. Tonge likaruka ndani, maji yakafuata.

"Maji ya ndiva yanataka kutoka," nikawaambia. "Ndiyo maana tunaziba ndani, yenyewe yanausukuma udongo ukae. Haya ya bwawa yanataka kuingia. Tumeziba upande wa makosa, watu ishirini na moja, na kuimba tukaimba!"

Mtu mmoja akakohoa. Mzee msimamizi akaifuta kofia yake magotini.

"Hilo nilikuwa nalijua," akasema. "Nilikuwa nasubiri mtu aliseme."

Mume wangu alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. "Mashuani maji yanaingia, jichoni maji hayatoki," akasema. "Mungu naye ana utani wake." Watu wakacheka naye. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu miezi tangu daktari aseme neno lake, na niliona tumepoteza mingi kwa kujifanya wajuaji.

Basi nikashika mkungu wa ndizi nikaenda kwa mvuvi, nikamwomba radhi kwa niaba ya kabila zima. Akaupokea mkungu, akaja. Tukaipindua mashua tumbo juu. "Chombo huzibwa nje, mama," akasema, na hakucheka hata kidogo, jambo ambalo liliniuma zaidi. Akatuonyesha kukalafati: unakwangua nyufa mpaka mbao safi, unasokota pamba iwe kamba, unaishindilia kwenye ufa kwa patasi butu na nyundo, nusu ya nguvu, usiipasue mbao, kisha unapaka lami iliyoyeyushwa. Pamba nilipata ndani ya godoro alilokuja nalo mume wangu kutoka Tanga. Nilikuwa na sababu zangu za kulichukia godoro lile, nikalipasua kwa furaha.

Kazi ile ilituchukua majuma. Mimi nakwangua, mume wangu anasokota pamba. Mimi natafuta nyufa kwa tochi ya simu, yeye anapapasa kwa vidole. Ikawa ajabu: nikisema ubao huu mzima, ananiambia, "Hapa. Na hapa tena." Naangalia sioni kitu. "Usiangalie, weka kidole," ananiambia, naweka, nakuta kweli kuna mwanya wa kuingia ukucha. Nikamsifu. Nikamwambia kumbe ana akili, alikuwa anaificha wapi miaka yote hii. Na jambo jingine lililonifurahisha ni kwamba aliacha kulalamika juu ya macho. Kabla ya hapo kila siku ilikuwa ukungu, ukungu. Sasa kimya. Matone aliweka kila asubuhi, nikaamini dawa imekubali. Siku moja nilimwona anautafuta mkono wa kikombe cha chai kwa kupapasa, nikamwambia aache mchezo, chai inapoa. Akacheka akakipata.

Tulipoirudisha majini tukaifunga kwa kamba ufukweni. Niliinyunyizia majivu ndani, sakafu nzima, ili tone likiingia lionekane. Asubuhi nikakuta mstari mweusi mwembamba, umeanzia mahali nisipopajua. Nilitafuta mpaka shingo ikakakamaa, nikatukana mbao, misumari na aliyeiuza. Mume wangu akaingia, akalala kifudifudi kwenye majivu, shavu sakafuni.

"Nyamaza," akasema.

Mimi haniambii mtu nyamaza. Lakini nilinyamaza. Akasogeza kiganja taratibu kwenda nyuma, akakisimamisha kwenye msumari mmoja mnene chini ya usukani. "Hapa pana baridi," akasema. Tukaivuta nchi kavu, tukauzungushia pamba ule msumari kwa nje, tukapaka lami. Kesho yake majivu yalikuwa makavu. Kesho kutwa pia.

Siku tuliyotoka ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, upepo wa wastani. Mzee msimamizi na mvuvi wa Kihurio walibaki ufukweni wakibishana nani kaiziba. Mvuvi alikuwa amemwelekeza mume wangu: upepo ukae shavu la kushoto, ukihamia usoni umepotea. Mimi nilikaa palepale pangu, bakuli mkononi, kichwa chini, macho kwenye majivu. Sikuamini mbao hata moja. Nilisubiri tone la kwanza jinsi mtu anavyomsubiri shemeji mwizi. Tone halikuja. Tulikwenda, maji yanagonga mbao kwa nje, na majivu yamelala vilevile.

"Tumefika katikati?" akauliza.

Nikainua jicho kidogo kupima kingo mbili. "Tumefika."

Akalegeza kamba, tanga likashuka. Mashua ikajizungusha polepole ikatulia. Akavua kofia, akaiweka magotini, akanyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha, akatazama mbele. Akatazama muda mrefu, anatabasamu. Mbele yake kulikuwa na nyika ya Mkomazi, vichaka na vumbi mpaka mwisho wa macho. Milima yote ya Upare ilikuwa nyuma ya kisogo chake.

"Mzee," nikasema, "milima iko nyuma yako."

Tabasamu halikuondoka. Ila hakugeuka.

"Mashua imezunguka," akasema. "Sikujua imezunguka."

Hapo ndipo nilipoelewa, na moyo wangu ulishuka mpaka kwenye majivu. Kikombe cha chai. Misalaba minene. Usiangalie, weka kidole. Mimi niliyejidai nina macho!

"Tangu lini?"

"Mwanga nauona. Kivuli chako nakiona ukisogea," akasema. "Vingine, tangu siku ile ulipopasua godoro."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilitaka nikitangulie kifo nimuumbue kwa mikono yangu. Nilimwambia maneno ambayo Mlutheri hasemi. Nilimuuliza nimekwangua mbao mpaka kucha zimeng'oka kwa ajili gani, kama alikuwa haoni. Nililia kwa sauti, bwawa zima lilinisikia. Akaniacha nimalize.

"Ningekwambia ungeacha," akasema. "Ungeifanya banda la kuku."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kuliweka.

"Inavuja?" akauliza.

Nikatazama chini. "Haivuji."

"Basi weka bakuli. Huna cha kuteka. Inua kichwa uniambie."

Nikaweka bakuli. Nikamgeuza mabega, nikamkalisha vizuri aielekee milima, kisha nikatazama. Miaka yangu yote nimeishi mle ndani, nikapanda na kushuka na mizigo kichwani, na sikuwahi kuiona yote kwa mara moja. Nilimwambia ni mikubwa. Akasema hilo analijua, niseme vizuri. Nikamwambia chini ni ya kijivu, juu ni ya kijani kibichi, na wingu limekaa Gonja peke yake, kwingine hamna. Nikamwambia maporomoko yanaonekana, uzi mweupe. Bati la kanisa linawaka jua, lakini limeota kutu upande wa mashariki na wazee wa kanisa watatuambia hawana habari. Akacheka. Mpunga wa Maore umeanza kugeuka rangi. Mzee mjomba bado anabishana, naona fimbo inavyorushwa.

"Na malishoni kwangu? Lile tuta la juu?"

Nilitafuta. Kulikuwa na matuta mengi, yote yanafanana, yote mbali.

"Nimeliona."

"Kuna mbuzi?"

"Watano."

"Kuna mtu anawachunga?"

"Yupo mtoto," nikasema. "Amewaacha mbuzi waende zao. Amesimama anatutazama."

Mikono yake ilikuwa imeikunja kofia ikawa kama kitambaa cha kufutia vyombo. Maji yakagonga mbao, kwa nje.

"Muongo wewe," akasema. "Toka hapa mpaka kule hata ng'ombe haonekani."

"Nani kakuambia? Wewe unaona?"

Alicheka mpaka mashua ikayumba, nikashika ukingo. Akajifuta macho yake mabovu kwa ile kofia.

"Endelea," akasema. "Amevaa nini?"

"Kaptula ya kaki," nikamwambia. "Imechanika matakoni, na mama yake atamchapa."